Masomo ya binti, masomo ya kijana: feza iko wapi?



Mwanzoni mwa mwezi wa 10, siku ambazo minervale ya kwanza inadaiwa, mama mmoja alikuja shuleni kwetu hapa Baraka na watoto wake wawili. Kijana alikuwa anaingia kalasi ya 8, binti anaingia kalasi ya 1 ya humanite. Mama alikuwa amefunga noti zake kwenye kona ya kitenge, na hata kabla hajaketi alituambia: "Walimu, feza niliyo nayo ni ya mtoto mmoja. Andikeni kijana. Binti atabaki nyumbani mwaka huu, atanisaidia na ndagala."

Tukamuuliza kwa nini kijana na si binti. Alitutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. "Kijana akisoma analeta feza nyumbani. Binti akisoma anaipeleka kwa wakwe."

Binti alikuwa pale pale, anaangalia miguu yake. Alikuwa wa 3 katika kalasi yake mwaka uliopita.

Siku hiyo hatukumjibu mama vizuri. Tulisema yale maneno ambayo walimu husema, kwamba mtoto ni mtoto, kwamba binti naye ana haki. Yeye hakuja kuuliza habari za haki. Aliuliza swali la feza, na swali la feza linajibiwa kwa hesabu. Kwa hiyo jioni ile, katika chumba cha walimu, tulianza kutafuta hesabu yenyewe, na gazeti letu la juma hili linawaletea tuliyoyapata.

Kuna wataalamu wawili wa uchumi, George Psacharopoulos na Harry Patrinos, ambao kwa miaka mingi wamekusanya habari za mishahara kutoka nchi nyingi za dunia. Wanachotafuta ni kitu kimoja: mwaka mmoja wa shule unaongeza kiasi gani kwenye mapato ya mtu? Katika hesabu waliyoitoa mwaka 2004, mwaka mmoja wa shule uliongeza mapato ya mwanaume kwa asilimia 8,7, na ya mwanamke kwa asilimia 9,8. Waliporudia kazi hiyo mwaka 2018 walikuta jambo lile lile: nyongeza ya mwanamke ni kubwa kuliko ya mwanaume.

Tusikimbilie kushangilia. Hawakusema kwamba mwanamke aliyesoma analipwa kuliko mwanaume aliyesoma. Karibu kila mahali analipwa kidogo. Walisema kwamba shule inambadilisha mwanamke zaidi, na ukitaka kuelewa sababu huna haja ya kwenda mbali, shuka tu ufukweni hapa Baraka asubuhi.

Kijana aliyeacha shule katika kalasi ya 4 primeri bado ana milango. Anaweza kupanda pikipiki na kubeba watu mpaka Fizi-centre. Anaweza kuingia katika ekipe ya wavuvi na kwenda ziwani usiku, au kuchoma matofali, au kwenda Misisi kwenye dhahabu. Ni kazi ngumu na nyingine zinaua, lakini zinalipa, na hakuna anayemwuliza diploma. Dada yake mwenye masomo yale yale haingii humo. Mtumbwi ni wa wanaume. Yeye anangoja nchi kavu na beseni yake, ananunua ndagala kwa bei ambayo wengine wamekwisha kupanga. Kwenye machimbo, desturi inamkataza mwanamke kushuka shimoni. Anabaki juu akitwanga mawe kwenye kinu cha chuma, ndio wale ambao kule Kamituga wanaitwa mama twangeze, na anayelipwa vizuri si yeye. Kinachobaki ni kulima shamba la mtu na kubeba muhogo wa mtu mgongoni.

Kwa hiyo bila shule mwanamke anaanzia chini kabisa. Diploma ikipatikana, anatoka kwenye beseni ya ndagala na kuingia katika kalasi, maternite, duka la dawa au biro ya shirika. Huo ni mruko. Kijana mwenye diploma hiyo hiyo anatoka kwenye pikipiki na kuingia biro: ameendelea, lakini hakutoka mbali kama dada yake.

Tuliandika mfano ubaoni, kama tunavyofanya na wanafunzi. Ni mfano tu, si mapato ya mtu tunayemjua. Tuseme mwanamke ambaye hakusoma anapata 5 000 FC kwa siku, na mwanaume ambaye hakusoma anapata 8 000 FC. Wape wote wawili miaka 12 ya shule, 6 ya primeri na 6 ya sekondari, kwa zile asilimia za mwaka 2004. Mwanamke anafika karibu 15 350 FC. Mwanaume anafika karibu 21 770 FC. Mwanzoni mwanamke alipata 62 na nusu kwa kila 100 za mwanaume; sasa anapata zaidi kidogo ya 70. Amemkaribia. Lakini angalieni upande wa pili wa ubao: mwanzoni walitofautiana kwa 3 000 FC, sasa wanatofautiana kwa zaidi ya 6 400 FC. Mwalimu mwenzetu wa hesabu alifurahi sana na jambo hili, kwamba watu wawili wanaweza kukaribiana na kuachana kwa wakati mmoja. Sisi wengine tulikuwa bado tunamfikiria yule mama, kwa sababu kwake swali lilikuwa mtoto gani atakayeongezewa zaidi na feza ile ile ya minervale, na kwa swali hilo ubao ulikuwa unamwonyesha binti.

Kuna jambo jingine ambalo lilitufanya tukunje uso. Mwezi wa 7 mwaka 2018 Banki ya Dunia ilitoa uchunguzi juu ya hasara ya kutosomesha wasichana. Humo wanasema kwamba mwanamke aliyemaliza sekondari anapata karibu mara mbili ya yule ambaye hakusoma kabisa. Aliyeishia primeri anamzidi kwa asilimia 14 mpaka 19 tu. Maana yake ni kwamba shule ya msichana hailipi sawa kila mwaka. Mazao yako mwishoni.

Sasa sisi tunafanya nini? Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, primeri katika shule za Serikali imekuwa ya bure, na kalasi zetu za chini zimejaa wasichana mpaka wanakaa wanne kwenye benchi moja. Sekondari bado tunalipa. Basi tunawapeleka mabinti katika miaka ile inayowaongezea kidogo, halafu tunawatoa pale ambapo feza inaanza. Ni kama kulima muhogo, kupalilia mara mbili, kisha kuhama na kuuacha ardhini. Binti wa yule mama alikuwa amebakiza miaka 4 tu kufika mtihani wa Serikali. Aliyopita ilikuwa 8.

Wengi wetu tunaoandika hapa tulianza shule ng'ambo ya ziwa, Lugufu au Nyarugusu, baada ya vita ya 1996. Kambini wazazi wetu hawakuwa na kitu. Lakini hatukumbuki mzazi akikaa na kuchagua nani asome primeri, kwa sababu haikulipwa. Kijana na binti walikaa chini ya turubai moja na kusoma programu ya Kongo. Uchaguzi tulikutana nao baada ya kurudi, kuanzia 2005, meli zilipokuwa zikitushusha hapa Baraka na vifurushi vyetu. Nyumba zilikuwa za kujengwa upya, shamba lilikuwa msitu, na shule ilidai feza. Wasichana tuliokaa nao benchi moja Lugufu tulianza kuwakuta sokoni. Wengine walikuwa na akili kutuzidi. Leo tunanunua mawese kwao na tunapigiana hesabu, na wao ndio wanaomaliza kwanza.

Tuje kwa upande ambao hautupendezi, kwa sababu kama tungewaambia wamama kwamba diploma inamaliza mambo, tungekuwa tunadanganya.

Tunamjua mume na mke, wote walimu, wote walitoka Institut Supérieur Pédagogique na diploma ya G3. Wametupa ruhusa tuandike bila jina. Kwenye karatasi ya Serikali hakuna tofauti: barema inaangalia cheo, haiangalii nani anavaa kitenge. Wote wawili walifundisha muda mrefu bila matrikile, wakila prime ya wazazi, na wote wawili waliingia kwenye orodha ya malipo karibu wakati mmoja. Hesabu ya shule ingesema kwamba mifuko yao ni sawa.

Mifuko yao si sawa, na hakuna mtu aliyemwibia mke. Saa 9 alasiri kengele ikilia, mume anabaki na wanafunzi wa kalasi ya mwisho, anawafundisha kwa malipo mpaka jioni. Jumamosi anaandikia watu miradi kwenye kompyuta ya rafiki yake. Wakati wa mitihani wanamwita kusimamia Lulimba au Kazimia, naye anakwenda siku hiyo hiyo, kwa sababu kwenda kwake hakuhitaji mipango: anachukua begi. Mke aliitwa pia, mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mimba ya miezi 8, mara ya pili mtoto alikuwa na homa. Mara ya tatu hawakumwita. Miaka michache baadaye kiti cha prefe kilipokuwa wazi katika shule moja, walitafuta mtu mwenye uzoefu wa kusimamia mitihani.

Tuliwaomba wote wawili waandike daftari kwa juma moja, kila saa na kazi yake. La mume lilijaa vizuri, saa kwa saa. La mke lilianza saa 10 alfajiri na maji, kisha moto, kisha uji, watoto kuoga, shule, soko, sombe ya kutwanga, kusahihisha makaratasi na mtoto mgongoni. Siku ya nne akaacha kuandika. Alisema hakuwa na wakati wa kuandika kwamba hana wakati. Mume alisoma yale makurasa matatu mbele yetu, akanyamaza, kisha akauliza kama maji yanaweza kuchotwa jioni. Tunamsifu kwa kuuliza. Tungemsifu zaidi kama angeyachota.

Jambo hili si la Fizi peke yake. Mwaka 2023 tuzo ya Nobel ya uchumi ilipewa Claudia Goldin, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, ambaye alifuatilia kazi na mapato ya wanawake wa nchi yake katika miaka zaidi ya 200. Zamani, anasema, tofauti ilielezwa na masomo na aina ya kazi. Siku hizi wanawake wamesoma kama wanaume au kuwapita, na sehemu kubwa ya tofauti inaanza pale mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kama mtoto wa kwanza anaweza kufanya hivyo kule kwenye maji ya bomba na stima, tufikiri sisi ambao uchunguzi wa afya wa 2013-2014 ulihesabu wastani wa watoto 6,6 kwa mwanamke wa Kongo.

Kuna mambo madogo pia, yale yasiyoonekana. Pitieni mbele ya biro za mashirika hapa Baraka na msome matangazo ya kazi yaliyobandikwa. Diploma, Kifaransa, kompyuta, na mara nyingi chini kabisa: kujua kuendesha pikipiki. Kijana alijifunza pikipiki ya mjomba akiwa na miaka 15, akicheza. Binti angeonekana muhuni. Miaka kumi baadaye mchezo ule umekuwa kazi, na binti mwenye alama za juu kuliko yeye anasoma tangazo mpaka mstari wa mwisho na kurudi nyumbani. Kama kikundi chenu kina mtu mwenye pikipiki na uwanja, hilo ni somo ambalo halidai minervale.

Na uchaguzi wa option. Kila mwaka tunaona wazazi wakiwapeleka wasichana kushona, au kwetu pedagojia, na vijana kwenye ujenzi, umeme na biokemia. Tunaipenda kazi yetu, lakini tunajua inalipa nini. Binti anayependa hesabu aachwe afuate hesabu.

Hatukuanza jana. Angalieni nyumba moja tu ya wakati wa Wabeleji, nyumba ya Kanza kule Léopoldville. Kijana wao, Thomas Kanza, alipata diploma ya chuo kikuu huko Ubelgiji mwaka 1956, raia wa kwanza wa Kongo asiye padri kufika hapo. Dada yake Sophie alimaliza sekondari mwaka 1961, na alikuwa msichana wa kwanza katika nchi nzima kuimaliza. Mzazi mmoja, akili moja, lakini kwa kijana mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefunguka wakati kwa msichana hata sekondari ilikuwa haijamalizwa na mtu. Shule za wasichana wakati ule zilifundisha zaidi kupika, kushona na kuwa mke wa karani. Sophie alimaliza chuo cha Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika Kongo. Mwaka 2024 nchi ilipata waziri mkuu mwanamke kwa mara ya kwanza, Judith Suminwa, naye alisomea uchumi.

Sheria nayo ilishika mkia wetu muda mrefu. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, katika kifungu cha 448, ilidai mke apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria ambalo lilimfunga kufanya kazi fulani yeye mwenyewe. Mama mwenye diploma yake alihitaji sahihi ya baba ili atie mkataba. Kifungu hicho kilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016. Sasa mke na mume wanapatana, na hakuna anayemwombea mwenzake ruhusa kama mtoto. Bado tunakutana na watu, hata maofisini, wanaomwambia mke alete barua ya mume. Mjibuni kwa adabu, mkitaja mwaka.

Wengine watasema: na kama binti hatapata kazi ya biro? Vijana wenye diploma wamejaa, wanakaa chini ya mwembe. Ni kweli, na zile asilimia za wataalamu zinatoka hasa kwa watu wanaopata mshahara. Ila tunawaona wauzaji wetu sokoni. Yule anayesoma anaandika madeni badala ya kuyabeba kichwani. Kwenye barriere anasoma risiti, anaona imeandikwa kiasi kingine na si kile alichotoa, na anauliza kwa Kifaransa. Mara nyingi feza inarudi. Katika likirimba zetu ndiye anayeshika daftari, na anayeshika daftari hadanganywi kwa urahisi.

Tulimrudia yule mama baada ya siku tano, nyumbani kwake, na daftari letu la mfano. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatusahihisha. "Walimu, ninyi mnahesabu feza ya mbele. Mimi ninakula leo. Nani ataanika ndagala?" Alikuwa na haki, na hatukuwa tumeliweka hilo ubaoni. Kazi ya binti asubuhi ilikuwa na bei, na bei hiyo ndiyo minervale ya pili ambayo mzazi wa binti analipa kila mwaka bila kupewa risiti. Ya kijana haikuwepo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa kijana beseni.

Kikundi chake kilimkopesha nusu kutoka sanduku la mshikamano. Shule ilikubali nusu nyingine ilipwe kwa vipande mpaka mwisho wa trimestri. Kuhusu ndagala, mama mwenyewe ndiye aliyeamua, sisi hatukuthubutu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni zamu ya kijana.

Mpaka juma hili wote wawili wanakuja shuleni. Kijana amelalamika kwetu kwamba wenzake wanamcheka ufukweni. Mama naye analalamika kwamba anazianika hovyo, zinashikana, na kuku wanakula zile za pembeni. Kipande cha mwisho cha minervale kinadaiwa tarehe 15.